Umbali wa Kukaribia

Mashine ya kupimia hukigusa kipande kwa kijiti chenye gololi ya yakuti. Kabla ya kugusa haina budi kupunguza mwendo, na umbali wa kuanzia kupunguza huamuliwa na mwandishi wa programu. Wengi huufupisha ili kuokoa dakika chache. Mimi siafikiani nao: kipande cha kusubu kikizidi mchoro kwa milimita 3, na umbali ukawa 2, kijiti hukigonga kwa kasi kamili. Hata hivyo, tahadhari nayo ina mpaka. Ndani ya tundu la kipenyo cha milimita 6, gololi ya milimita 2 ina milimita 4 tu za kusogea. Atakayeamuru 5 atauparamia ukuta wa pili. Kwa hiyo kila uso ustahili umbali wake, ingawa karakana hupenda namba moja.