Tuzibe ufa mapema



Kuna wenzetu wanaosema: "Siye wa Rurambo, mambo ya intaneti inatuangalia nini?" Inatuangalia sana. Kesho mmoja wetu atashuka Uvira ao Bukavu kusoma kompyuta, naye ataandika programu ya kutunza pointi za wanafunzi ao akiba ya watu. Asipoifunga vizuri, tutakaoumia ni sisi na wazazi wetu.

Tukumbuke Kenya. Mwezi wa kwanza 2012, kurasa 103 za serikali ya kule ziliharibiwa na mtu mmoja wa Indonesia aliyejiita direxer. Hakuvuka bahari, hakubeba bunduki. Alipita katika makosa ya wale walioandika programu zile.

Makosa ya namna gani? Tutoe mifano miwili. Programu inauliza: "Jina lako nani?" Mtu mbaya haandiki jina, anaandika amri. Programu isiyotofautisha jina na amri inatii, na siri zinatoka. Ao tena, ukurasa wa pointi zako una namba 25 katika anwani yake. Ukiandika 26, unaona pointi za jirani, kwani programu haikuuliza wewe ni nani.

Wachunga ng'ombe wa kwetu wanajua: zizi lenye tundu moja si zizi. Basi, kila neno linalotoka nje lipimwe, nalo lisigeuke amri kamwe. Kila mtu aulizwe haki yake, si mlangoni tu, bali katika kila chumba anachotaka kuingia. Maneno ya siri yasiwekwe wazi. Yageuzwe kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma. Na kosa likijulikana, lisahihishwe upesi.

Sisi tunaona kwamba mambo haya yafundishwe tangu somo la kwanza la kuandika programu, yasingoje mwisho wa mwaka. Wengi hujifunza kwanza kufanya programu itembee, ulinzi wanasema "tutaona". Wanaona kweli, wakati mwizi amekwisha kuingia.

Na wale wanaosifu kuvunja milango ya wengine wajue: sheria ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaadhibu anayeingia katika kompyuta ya watu bila ruhusa. Mwenye akili ya kuona tundu, na azibe.