Simtanki la Nyumbani ni la Nani?

Mwezi huu tuache kidogo ugomvi wa meseji na simu za usiku, tuangalie juu ya mnara wa maji. Nyumba nyingi ninazoingia hapa Dar sebule inang'aa, jiko halina doa. Lakini ukiuliza simtanki lilisafishwa lini, baba anamtazama mama, mama anamtazama dada wa kazi. Kimya!

Jamani, maji hayo ndiyo tunayopigia mswaki, tunayooshea matunda na kumwogeshea mtoto. Tope linatulia chini, vijidudu vinapata makazi. Mfuniko ukipasuka, mbu wa Aedes anataga humo, yule anayeeneza dengi. Dar iliugua dengi mwaka 2014, ikaugua tena 2019. Sio hadithi.

Ushauri wangu: kila baada ya miezi 6, chagueni Jumamosi moja, mfanye wawili. Kaka zangu, kama gari mnaliosha kila wiki, na hili mnaliweza.

Acheni maji yaishe kwa matumizi, msiyamwage bure. Sugueni kuta kwa brashi ya mpini mrefu, suuzeni, toeni tope lote. Jazeni maji, mtie dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Ile ya asilimia 5, lita 1 inatosha maji lita 1,000. Fungueni kila bomba la nyumba mpaka msikie harufu ya klorini, kisha fungeni na muache usiku kucha. Maji hayo msinywe wala msioge, dekieni uani. Jazeni upya, fungueni mabomba mpaka harufu ipungue. Ya kunywa endeleeni kuchemsha.

Mawili ya kuzingatia. Dawa ya klorini usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, inatoa gesi ya sumu. Na kama ni lazima mtu aingie ndani ya tanki, mwenzake abaki mdomoni akimwona muda wote, na klorini isitiwe mpaka atoke. Ndiyo maana nasema wawili, si dada wa kazi peke yake.

Leo jioni muulize mwenzako swali moja tu: letu lilisafishwa lini? Mkikosa jibu, msilaumiane. Andikeni tarehe kwenye kalenda ya jikoni.

Tukutane mwezi ujao!