Dhana Iliyomuua Diallo Imo Misikitini Mwetu

 

Imeenea katika mabaraza yetu, na mara nyingine hata juu ya mimbari, kauli kwamba vijana weusi wa Marekani wamejitakia wenyewe yanayowafika. Eti ni wahuni, ni wavivu, ni watu wa bangi na nyimbo za matusi. Basi polisi wafanyeje? Na wapo miongoni mwa jamaa zetu waliohamia Minneapolis na Columbus wanaojisifu kwamba wamewakataza watoto wao kuchanganyika na "wale". Sisi tunasema kauli hii ni dhulma, na mwenye kuieneza hajui kwamba anaandaa kesi dhidi ya mwanawe mwenyewe.

Tumchukue Amadou Diallo, kwa sababu yeye hakuzaliwa Marekani. Alikuwa kijana wa Kiislamu wa miaka 23, Mfulani wa asili ya Guinea, akiuza soksi, glavu na kanda za video kando ya njia huko New York. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999 alikuwa amesimama mlangoni mwa jengo alimokuwa akiishi, katika eneo la Bronx. Askari kanzu wanne wakamwona, wakadhani anafanana na mbakaji waliyekuwa wakimtafuta. Akatia mkono mfukoni kutoa pochi. Wakafyatua risasi 41, na 19 zikampata. Hakukutwa na silaha yoyote. Februari 2000 mahakama ikawaachia huru wote wanne.

Je, askari wale walimwuliza kwanza kama ni mzaliwa au mgeni? Waliulizia swala zake? Waliona ngozi, na ngozi ikawatosha. Basi anayemkataza mwanawe asikae na "wale" ajue kwamba jioni, mtoto huyo akivuka barabara kwenda dukani, machoni mwa askari yeye ni mmoja wao.

Na hili halikuwa kosa la usiku mmoja. Mwaka 2011 polisi wa New York waliwasimamisha watu njiani mara 685,724, wengi wao wakiwa weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kusini. Takriban mara tisa katika kila kumi, aliyesimamishwa aliachwa aende zake, hakukamatwa wala hakuandikiwa faini. Agosti 2013 jaji Shira Scheindlin wa mahakama ya shirikisho akahukumu kwamba utaratibu ule, jinsi ulivyotekelezwa, ulivunja katiba. Watatuambia: lakini wahalifu wapo. Wapo, nasi hatumtetei mwizi wala muuaji, awe wa rangi yoyote. Ila aliyesoma japo mlango mmoja wa kanuni za fiqhi anajua kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na hatia, na kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kijana mweusi aligeuziwa kanuni hiyo kichwa chini: hatia ndiyo ikawa asili yake, naye akatakiwa alete ushahidi wa kuiondoa.

Tena dhana hii haingoji mtoto abaleghe. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2011-12 zinaonyesha kuwa watoto weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wa chekechea za umma, lakini walikuwa asilimia 48 ya waliosimamishwa masomo zaidi ya mara moja. Mtoto wa miaka minne! Huyu naye amevuta bangi gani? Na huko Cleveland, tarehe 22 Novemba 2014, Tamir Rice, mwenye miaka 12, alikuwa bustanini na bunduki ya kuchezea. Aliyewapigia simu polisi alieleza kwamba huenda ni ya bandia, na huenda mwenyewe ni mtoto. Maneno hayo hayakufikishwa kwa askari. Gari lao lilifika, na hazikupita sekunde mbili mtoto akapigwa risasi.

Kwa ajili hiyo wazazi weusi wa huko humkalisha kitako mwana wao na kumpa somo ambalo sisi, Alhamdulillahi, hatujalazimika kulifundisha: ukisimamishwa ukiwa garini, mikono iwe juu ya usukani, usitie mkono mfukoni, lolote utakalo kulifanya litamke kwanza, ukitukanwa, nyamaza. Mama aliyemaliza somo hilo hukaa macho mpaka asikie mlango ukifunguliwa. Huyo ndiye tunayemwambia kwamba hakulea.

Ama wanaosema uvivu, wasikie haya. Mwaka 2004 watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya maombi ya kazi yapatayo 5,000 waliyoyabuni na kuyapeleka kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zilikuwa zile zile, majina ndiyo yaliyobadilishwa. Wenye majina ya kizungu walipata mwito mmoja kwa kila maombi 10. Wenye majina yanayohesabiwa kuwa ya weusi, mmoja kwa kila 15. Na miongoni mwa majina hayo ya weusi ni Jamal, Hakim, Kareem, Rasheed na Aisha. Hata Kenya lilikuwamo! Haya ni majina ya watoto wa madrasa yetu.

Dhana hii tumeitoa wapi? Sehemu yake ni filamu tunazozikemea mchana na kuzitazama usiku. Lakini si filamu peke yake. Ni nani aliyewafundisha watoto wetu kucheka nywele za kipilipili? Ni mchezaji gani wa filamu aliyezirudisha posa za vijana wema kwa sababu ya weusi wao, kisha akasingizia kufu? Nasi tuliosoma kwa Kiarabu tunalijua neno 'abd, ambalo kwa Mola ni cheo, jinsi baadhi ya Waarabu wanavyolitumia kama tusi kwa mtu mweusi. Abu Dharr (R.A.) alimtusi mtu kwa mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamkabili kwamba bado ana ujahili ndani yake. (Kwamba aliyetusiwa ni Bilal (R.A.) kumetajwa katika mapokezi mengine, Bukhari hakumtaja jina.) Ikiwa Abu Dharr aliambiwa hivyo, sisi ni nani hata tusiambiwe?

Basi tunawataka makhatibu waliotamka maneno yale siku ya Ijumaa wayarudi juu ya mimbari ile ile, siku ya Ijumaa, kwa sauti ile ile. Na wenye jamaa Minneapolis na Columbus wawaandikie mwezi huu huu, kabla watoto wale hawajafikia umri wa kupewa leseni ya gari.