Nani atawapa majina vijidudu vya kibuyu cha shosho?

Ukienda ushago Krismasi hii, iwe Runyenjes, Nkubu au Maua, kabla hujaanza kulia ati netiweki ni mbovu, ingia jikoni kwa shosho. Muulize kama guka alikuwa akitengeneza muratina. Ukiwa na bahati utaonyeshwa tunda la mwegea lililokaushwa, jeusi, limenyauka kama soksi ya zamani.

Usilitupe. Hilo ndilo kiwanda. Ndani ya nyuzi zake kumelala chachu na bakteria waliochachusha asali au maji ya miwa mara ya mwisho. Ukilitumbukiza tena mtungini karibu na moto, wanaamka na kuendelea na kazi. Wazee hawakununua hamira dukani, walirithishana tunda.

Sasa, hao waliolala humo ni akina nani? Mmoja tunamjua, Saccharomyces cerevisiae, chachu ileile inayoumua mkate wako wa asubuhi. Lakini mtungi una umati, na mgeni humtambui kwa kumtazama tu. Unawatenga mmoja mmoja kwenye visahani vya maabara. Kama ni bakteria unasoma jeni yake ya 16S, na ikifanana na za spishi zinazojulikana kwa chini ya asilimia 98.7, umeanza kunusa kitu kipya. Unasoma jenomu nzima, kisha unachapisha jina la Kilatini. Halafu sheria ya kutaja bakteria inadai mfano wake hai uwekwe kwenye hifadhi mbili, katika nchi mbili tofauti.

Hapo ndipo mimi nakaa macho. Bakteria wetu mpya lazima asafiri. Si vibaya, lakini anasafiri na karatasi gani?

Tumeshaumwa hapo. Ziwa Bogoria, lile la maji moto ya magadi, lina jenasi yenye jina lake, Bogoriella, iliyotangazwa 1997. Safi. Lakini 2004 KWS ililalamika hadharani kwamba vimeng'enya vya vijidudu vya ziwa hilo vimeingia kwenye sabuni na kazi ya kuchujua jinzi huko ng'ambo, bila Kenya kukubaliana na yeyote. Jinzi zenyewe huenda ulizinunua Gikomba! Tangu 2006 tuna kanuni: anayetaka rasilimali za kijenetiki apate kibali cha NEMA na akubaliane kuhusu kugawana faida. Ziwa lina askari. Kibuyu cha shosho kina nani?

Mwizi siye hata ninayemwogopa zaidi. Naogopa jerikeni na pakiti ya hamira ya supamaketi. Siku tunda la mwisho la ukoo litakapotupwa motoni, ule umati umeisha, na hakuna mtu atakayejua kilichopotea kwa sababu hakikuandikwa.

Watafiti wameshachimba mizizi ya maharagwe Embu wakitafuta bakteria wanaolisha mmea nitrojeni. Kwa nini tusifike jikoni? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo maabara sina. Wewe uliye Chuo Kikuu cha Embu, au MUST pale Nchiru, unayetafuta mada ya projekti na unataka kuandika tena kuhusu maji ya bomba, mada iko kwa nyanya yako. Omba ruhusa yake kwanza, kabla ya vibali vya serikali. Andika jina lake, kijiji na mwaka aliopokea tunda. Kata kipande kidogo tu, na lililobaki umrudishie.