Mkoko Hauhitaji Picha

Jamani, tuambiane ukweli. Kila shairi la kijana wa Mombasa nikilifungua nakuta bahari: mawimbi, mbalamwezi, mpenzi ufuoni. Hori ya Makupa haimo. Pale pananuka, bwana, mpenzi hapelekwi.

Mwaka 1929 Waingereza walijaza tuta katika hori ile wapate njia ya kuingia kisiwani. Maji ya Tudor na ya Port Reitz yakatenganishwa. Kisha sisi wenyewe, wala si mkoloni, tukamwaga taka Kibarani miaka na mikaka hadi ukingo wa hori ukawa kilima.

Mwaka 2022 likafunguliwa daraja la mita 457 mahali pa tuta, maji yakapata pa kupita. Nalisifu, sina kinyongo. Lakini huo ni mlango tu umefunguliwa. Nyumba ingali imejaa. Jaa la Kibarani lilipofungwa tulifanya nini? Udongo juu ya taka, miti juu ya udongo. Ndo kumpaka marashi mtu asiyeoga!

Mkoko hauishi kwa kupendwa. Mizizi ya mchu huchomoza topeni kama penseli kwa sababu inavuta hewa. Ifukie kwa kifusi, mti unakufa umesimama. Na ukiinua ardhi hata maji ya bamvua yasifike, panda miche elfu ukitaka. Mlilana hukaa mbele, karibu na maji marefu. Mkoko nyuma yake. Mkandaa nyuma zaidi. Kimo cha ardhi ndicho kinachoamua nani aishi wapi, si hotuba. Basi kazi ya kwanza ni tingatinga na koleo: kuondoa kifusi mpaka kimo cha maji, kufungua vijito, na taka zihamishwe kwa uangalifu zisivuje baharini. Mbegu za mkoko huelea zenyewe. Zikipata tope na maji zinajipanda, bila mgeni wa heshima.

Mtaniambia gharama. Kweli, ni ghali, ndiyo maana kupanda miche kunapendwa: ni rahisi na kunapendeza kwenye kamera. Mimi pia nimo. Nilivaa fulana ya bure, nikachomeka mche wangu kwenye ardhi iliyojazwa, nikapigwa picha nikicheka. Miezi miwili baadaye nilirudi. Safu nzima ilikuwa vijiti vikavu, na juu ya kimoja mtu alikuwa ameanika soksi.