Mashine ya Milingi: Jino la Mwisho Ndilo Hakimu

Ndugu msomaji, mkate unaokula asubuhi pamoja na wanao umepita katika mikono mingi kabla ya kufika mezani kwako. Mkulima, mwokaji na mchuuzi wote twawajua. Lakini yuko mmoja ambaye aghalabu hatumkumbuki, naye ni fundi wa karakana aliyechonga gia ya mashine ya kukandia unga. Siku gia hiyo inapokatika jino, mashine husimama, unga hulala katika magunia, na vibarua wa tanuri hurudi nyumbani mapema, mifuko mitupu. Kipuri kipya chaweza kuagizwa ng'ambo na kungojewa kwa majuma mengi. Ama chaweza kuchongwa papa hapa mjini. Kinachozitenga njia hizo mbili ni mashine iitwayo milingi, pamoja na mtu ajuaye kuitumia.

Jina hilo lisikupoteze. Mashine hii haisagi nafaka. Kazi yake ni kuchonga chuma. Wengi huichanganya na mashine ya kukereza. Katika kukereza, chuma ndicho kinachozunguka, na kisu hukigusa bila ya kuzunguka. Ndiyo sababu vitokavyo huko huwa vya mviringo, kama vile shafti, pini na bolti. Katika milingi mambo hugeuka: kisu ndicho kizungukacho, na chuma hufungwa imara juu ya meza, aghalabu kwa jiliwa. Kisu hicho, ambacho tutakiita kikatio, kina meno mengi. Kila jino humega kipande kidogo, kisha likampisha mwenziwe. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na ndivyo chuma kigumu kinavyoliwa.

Meza nayo husogezwa kwa magurudumu ya mkono katika njia tatu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kwa mwendo huo fundi husawazisha uso wa chuma, hukata mifereji, na huchonga pembe na meno ya gia. Kazi hizo angezifanya kwa tupa zingemchukua kutwa nzima, na wala zisingetoka sawa.

Tupa hiyo ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza nchini Marekani, na katika mji wa Providence kiwanda kimoja cha bunduki kilihitaji keekee nyingi za kutobolea vyuma. Mifereji ya keekee hizo, ambayo hujipinda kama kamba iliyosokotwa, ilikuwa ikichongwa kwa tupa, moja baada ya moja. Joseph R. Brown, wa kampuni ya Brown & Sharpe ya mji huo huo, aliombwa atafute njia iliyo bora. Akabuni mashine ya milingi ambayo meza yake yaweza kugeuzwa upande, na kazi ikazungushwa polepole huku ikisogea. Ya kwanza iliuzwa mwezi Machi 1862. Mashine hiyo iliweza kukata mifereji iliyopinda, na pia meno ya gia, kwa kipimo kimoja kila mara.

Sasa tumfuate fundi achonge gia yetu ya mkate. Kwanza huitazama gia iliyovunjika na kuyahesabu meno yake, pamoja na pengo la lile lililokatika. Tuseme ni 30. Kisha hupima upana wa gia kutoka ncha hadi ncha, akapata milimita 96. Huongeza 2 juu ya hesabu ya meno, zikawa 32. Akigawanya 96 kwa 32 hupata 3. Hiyo 3 huitwa moduli, nayo ndiyo kipimo cha ukubwa wa jino. Kwa hesabu hiyo ya mtoto wa shule fundi amekwisha kujua achague kikatio gani, na tena kwamba kina cha kila jino kitakuwa milimita 6.75.

Kipande cha chuma kilichokwisha kukerezwa hufungwa katika chombo kiitwacho kichwa cha kugawanya. Katika vichwa vya aina iliyoenea, mkono ukizungushwa mara 40, kazi huzunguka mara 1 tu. Kwa hiyo ukitaka meno 30, gawanya 40 kwa 30. Jibu ni mzunguko mmoja na theluthi. Je, theluthi hiyo itapimwaje? Kando ya mkono huo pana sahani yenye duara za matundu. Fundi huchagua duara yenye matundu 15, na baada ya kila jino huzungusha mkono mara moja kamili, kisha husogea nafasi 5 zaidi. Hukata, huzungusha, huhesabu. Hukata, huzungusha, huhesabu. Akikosea kwa tundu moja, huenda asitambue kwa jicho. Lakini afikapo jino la mwisho, hilo litatokea nene mno au jembamba mno, na kazi yote haina budi kutupwa. Jino la 30 ndilo hakimu wa yote yaliyotangulia.

Mwendo nao una hesabu yake. Kikatio cha chuma cha kasi chenye upana wa milimita 70, kikikata chuma laini, hupelekwa mizunguko ipatayo 100 kwa dakika. Kikienda kasi kupita kiasi, meno huungua yakawa butu. Maji ya kupozea, meupe kama maziwa, humiminwa bila ya kukoma. Kadhalika, katika mashine kuukuu ambayo skrubu za meza yake zimelegea, fundi huisukuma kazi ikabiliane na mzunguko wa kikatio. Akiipeleka kufuata mzunguko, meno hunasa chuma na kukivuta kwa ghafula, na hapo kikatio chaweza kuvunjika.

Hapa ndipo nitakapo kusema na familia za mafundi. Mashine ya milingi haijui tofauti ya chuma na nyama. Mikono mirefu ya shati, tai, nywele zilizoachwa wazi, ncha ya kanga, hata glavu ambazo mtu hudhani zamlinda, vyote vyaweza kunaswa na kuuvuta mkono. Vipande vya chuma vilivyokatwa huondolewa kwa brashi, mashine ikiwa imesimama, na kamwe si kwa vidole. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima. Basi, mama, usiudhike ukimwona mumeo ameivua pete ya ndoa kabla ya kwenda kazini. Pete iliyonaswa huondoka na kidole. Amuachiaye mkewe pete asubuhi amwonyesha mapenzi yaliyo makubwa kuliko ya kuivaa.

Wako wasemao kwamba ufundi huu umepitwa na wakati. Ni kweli kwamba mwaka 1952, katika chuo cha MIT huko Marekani, ilionyeshwa mashine ya milingi iliyoongozwa kwa utepe uliotobolewa matundu, na leo nyingi huongozwa kwa kompyuta. Lakini kompyuta hutii iliyoambiwa. Ni lazima awepo mtu wa kujua chuma hiki chataka mwendo gani, kikatio kipi, na kifungwe vipi kisitikisike. Asiyeyajua hayo ataharibu kazi kwa kasi zaidi kuliko babu yake.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akipenda hesabu na akawa na subira, awe wa kiume au wa kike, usimwambie kwamba karakana ni mahali pa walioshindwa masomo. Ufundi wa mitambo hufundishwa katika vyuo vya ufundi stadi, na mashine hii haichagui mwenye misuli; humchagua ahesabuye sawasawa mara 30, hata pale ambapo hakuna amtazamaye. Mtaa wenye mtu wa namna hiyo haukosi mkate kwa ajili ya jino moja.