Siku ya kurudi kutoka Dar: tiketi ikatwe lini?

Ukienda Dar es Salaam kuona ndugu, siku ya kuondoka nyumbani unaijua. Ya kurudi ndiyo ngumu. Mgonjwa uliyemfuata Muhimbili anaambiwa arudi kliniki wiki ijayo. Msiba unaongeza siku. Mzigo uliokuwa uchukue Kariakoo haujafika. Tiketi iliyo mfukoni bado inasema Jumapili.

Zamani mtu aliangalia basi tu. Sasa kuna mengi ya kupima. Tangu 2021 mabasi ya mikoani yanaondokea kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, badala ya Ubungo. Mgeni aliyefikia Kariakoo anapanda mwendokasi Gerezani hadi Kimara, kisha anatafuta gari la Mbezi, mabegi mkononi. Basi likiwa la saa 12 asubuhi, ataamka saa 9 usiku. Nafuu imekuja 2023, pale mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya katazo la tangu miaka ya 1990. Unamaliza shughuli mchana, unaondoka jioni.

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huo, nauli ya kawaida hadi Dodoma ikipangwa shilingi 31,000. Stesheni yake iko mjini, si mbali na Kariakoo. Ni nzuri kwa aliye na uhakika wa siku. Kwa asiye na uhakika, sisi tunaona basi bado lina faida: likikuacha moja, kuna jingine.

Kwa hiyo tiketi ya kurudi usiikate mapema, isipokuwa Desemba. Hapo wengi hukosea hesabu. Mgeni anayerudi Moshi au Arusha tarehe 22 anaelekea upande uleule na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofunga maduka kwenda kwao. Anagombea kiti nao. Januari mambo hugeuka, msongamano unakuwa wa kuingia Dar, na anayetoka anapata nafasi kirahisi zaidi. Kama ndugu hawatakasirika, subiri mwaka mpya upite.

Mwambie mwenyeji mapema kwamba utakaa kati ya siku nne na nane, usimtajie siku moja. Wazee walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Kariakoo shamba halipo, ila LUKU na maji vinalipiwa, na chumba mara nyingi ni kimoja. Changia.

Nauli ya kurudi itenge mbali na hela ya manunuzi, sehemu yake iwe taslimu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, Dar iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Namba ya tiketi iandike kwenye karatasi pia.

Kabla ya kulipa, muulize wakala: naweza kubadili tarehe? Hadi saa ngapi? Nitakatwa kiasi gani? Akikwepa kujibu, nenda dirisha jingine. Dai tiketi ya mtandao yenye jina lako, na nauli isizidi kikomo cha LATRA, hata kama mpiga debe anaapa kwamba kiti kimebaki kimoja.